Mkeka Juu ya Nailoni

Mwandiko huu mtauvumilia. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo kalamu nimeishika zaidi kutia tiki kwenye fomu kuliko kuandika sentensi. Mkikuta l mahali pa r, au neno limekatwa katikati na kuunganishwa na jingine, someni kile mnachoona nilikusudia. Naandika polepole. Nilianza daftari hili kabla senene, wale panzi wetu wa kuliwa, hawajashuka, sasa wamekwisha na bado niko hapa.

Nawaandikia ninyi wawili mlioingia yadi ya magari ya Bukoba baada yangu. Mmoja nimewahi kumwona getini akipiga mswaki. Mwingine simjui kabisa, ila nimeambiwa anafanya kazi yangu, ya kuandaa magari mapya kabla ya kukabidhiwa wenyewe. Watu wa hapa mtaani wanasema nimestaafu, kwa kunitania, maana nina miaka ishirini na mitano. Nilifanya kazi hiyo miaka minane. Hakuna aliyeniaga kwa keki.

Siku ya kwanza nilikuja kwa miguu kutoka Kahororo, nilikokuwa nakaa kwa shangazi, nikasimama nje ya geti mpaka saa nne kwa sababu niliona aibu kubisha. Mama muuza chai ndiye aliyenipeleka ndani. Alimwambia fundi, "Huyu amesimama kwangu tangu asubuhi wala hanunui chai. Nadhani ni wako." Fundi alikuwa Sweetbert, mtu mfupi wa Maruku mwenye vidole vinene, aliyekuwa akiandaa magari pale tangu yadi ilipofunguliwa. Aliniangalia akasema, "Unajua kusoma?" Nikaitikia kwa kichwa. "Kusema je?" Nikaangalia chini. Akasema, "Basi tutaelewana, magari hayaongei."

Mnajua jinsi magari yanavyotufikia. Yanapanda juu ya lori kutoka Dar es Salaam, yanakaa njiani siku kadhaa, na yanafika yamevaa kama mgonjwa aliyetoka upasuaji, nailoni kwenye viti, nailoni kwenye usukani, nailoni sakafuni, karatasi nyeupe kwenye boneti. Kiwanda hakikuyaandaa kwa barabara, kiliyaandaa kwa safari ya meli na lori. Tairi zimejazwa upepo kupita kiasi ili zisilale upande mmoja. Fyuzi moja au mbili zimechomolewa ili betri isiishe. Aina nyingine huwekewa vipande vya mpira katikati ya springi ili gari lisiruke juu ya lori. Kazi yetu ni kuyarudisha yote hayo yawe gari. Mteja haioni kazi hiyo. Akiiona, ujue imeharibika.

Sweetbert alinipa vifaa vyangu, na naamini bado viko kwenye sanduku la bluu: geji ya upepo, spana ya kupimia ukazaji wa nati, tochi, na kisu cha plastiki cha kunyanyulia nailoni bila kukwangua. Geji ile inadanganya kidogo, inasoma juu. Punguzeni hilo kichwani. Kisu msikinoe.

Makosa yetu ya miaka ya kwanza yalikuwa ya kuchekesha, nitataja mawili. Mwalimu mmoja alichukua gari kwetu akarudi siku ya tatu, redio hailii na saa haitembei. Tukafungua dashibodi nusu siku. Akarudi tena wiki iliyofuata. Mara ya tatu Sweetbert akafungua kitabu cha gari kilichokuwa kwenye droo ya mbele, na fyuzi ikaanguka mapajani mwake. Kiwanda kiliiweka mle na maelezo ya picha. Kitabu kilikuwa ndani ya nailoni, na sisi tuliiheshimu nailoni.

La pili ni la mchungaji mmoja wa Kilutheri ambaye tulimpa gari tukasahau mipira kwenye springi zake za nyuma. Alitembea nalo miezi miwili akilisifu kwa watu. Alisema gari hili ni gumu, si kama haya ya siku hizi. Alipokuja kubadilisha oili, mke wake alikuwa anashuka kwa kushika kiuno. Sweetbert aliingia chini, akatoka na mipira mikononi, akaificha nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeiba ndizi. Hatukumwambia mchungaji. Wiki iliyofuata alipiga simu kulalamika kuwa gari limekuwa laini.

Tulicheka sana siku ile. Sasa nikikumbuka naona ndipo tulipojifunza kwamba kosa letu likirekebishwa kimya kimya huwa si kosa.

Sasa niwaeleze habari ya kumenya. Sijui kama bado inafanyika. Kwetu mtu akinunua gari jipya hataki alikute limeshavuliwa. Nailoni ndiyo ushahidi kuwa hakuna aliyelikalia kabla yake. Analipeleka nyumbani hivyo hivyo, ndugu wanaitwa, akamwani, kahawa ya kukaribishia wageni, inapitishwa, watu wanatafuna buni, na mwenye nyumba anaichana nailoni mbele yao kiti kimoja kimoja. Pale yadini tuliita kumenya gari, kama kumenya ndizi. Tofauti ni kwamba ndizi wanamenya wanawake na gari wanamenya wanaume.

Sweetbert alinifundisha mpaka wa jambo hili mwezi wangu wa kwanza. Viti waachie, alisema. Usukani waachie wakilazimisha. Mlango waachie. Lakini nailoni ya sakafuni upande wa dereva haiondoki getini, hata akija askofu. Kwa sababu inateleza. Ukiweka kapeti juu yake, kapeti inatembea. Kiwanda kimetengeneza ndoano mbili za kushika kapeti ya dereva, na ndoano hizo ziko chini ya nailoni. Bila kuitoa huwezi kuzifikia.

Hilo alinifundisha vizuri. Alinifundisha na jingine pia. Fomu ya ukaguzi ina mistari thelathini na moja, mnaijua. Bosi alitaka fomu iwe mezani kwake, imejazwa, jioni ya kuamkia siku ya kukabidhi, ili mteja akifika asisubiri. Kwa hiyo tulitia tiki jioni na kazi ya mwisho tukaifanya asubuhi. Mara nyingi tuliifanya kweli. Sweetbert alikuwa na mkono mwepesi wa tiki, alishuka nazo kama mtu anayepanda maharage. Nami nikajifunza mkono ule ule. Alipoacha kazi miaka miwili iliyopita akarudi Maruku kwenye kibanja chake cha migomba, nilibaki mwandaaji peke yangu, na sikubadilisha kitu.

Pikapu ya familia moja ya kijiji cha Ngenge, wilayani Muleba, ilifika mwaka jana wakati wa mavuno ya kahawa. Watoto waliomnunulia baba yao walikuwa wanne, na mkubwa, Frodius, ndiye aliyekuja kuichukua pamoja na mama yake, Ma Veneranda. Mzee mwenyewe, Mzee Laurian, alibaki nyumbani kwa sababu ya magoti. Alikuwa ameshaita watu.

Nilikuwa nimetoa karatasi ya boneti, nimepunguza upepo wa tairi, nimerudisha fyuzi, nimekaza nati zote kwa spana ya kupimia. Ilibaki sakafu. Niliiacha iwe ya mwisho ili nisiichafue kapeti kwa viatu. Walifika mapema kuliko muda waliopewa, wamevaa nguo za kanisani. Nilikuwa nimepiga goti moja mlangoni na kisu mkononi.

Ma Veneranda alikuja moja kwa moja kwangu. Nikasimama, nikamwamkia, macho chini kama kawaida yangu.

"Wewe kijana, mbona unaniangalia miguu? Umeangusha sindano?"

Frodius akacheka. "Mama, mwache afanye kazi yake."

"Namwacha. Namwambia tu asiguse nailoni. Baba yako amekaa uani tangu alfajiri na majirani wote, anataka kumenya kwa mkono wake. Nikimpelekea lililomenywa atanirudisha Bukoba kwa miguu."

"Hata ya chini?" niliuliza. Sauti ilitoka ndogo.

"Yote, mwanangu. Umeona wapi ndizi inaletewa mtu nusu imemenywa?"

Nilikuwa na maneno manne ya kusema. Mama, hii lazima itoke. Nilikuwa nayo mdomoni kabisa. Lakini alikuwa ameshafungua kikapu chake akatoa mkeka mdogo, mpya, aliousuka mwenyewe, wenye mistari myeusi pembeni. Alisema ni wa miguu ya mzee, ili asikanyage gari kwa matope ya kibanja, na kwamba leo Frodius aukanyage kwa adabu. Kisha akapiga magoti kwenye kokoto za yadi, mama wa umri ule, akautandika chini ya usukani na kuupangusa kwa kiganja mpaka ukalala. Ulilala vizuri. Ulikuwa laini na nailoni chini yake laini.

Mimi nilishika mlango usimgonge.

Mtu mwingine angesema. Mimi nilikuwa nimesimama, yeye amepiga magoti, na nililelewa kutomkosoa mama mzima, tena akiwa chini na mimi niko juu. Nikajiambia atafika nyumbani, nailoni itamenywa jioni hiyo hiyo, basi. Kapeti ya kiwanda nikaiweka nyuma ya kiti ndani ya mfuko wake. Bosi akatoka na fomu. Frodius akasaini. Mstari wa ishirini na nne ulisema nailoni ya sakafuni imetolewa na kapeti imekazwa kwenye ndoano, na mbele yake palikuwa na tiki yangu ya jana jioni.

Ma Veneranda alinipa mkono kabla ya kupanda. Alisema, "Siku ukioa uje Ngenge tukupe ndizi." Nadhani alisema hivyo kwa kila kijana.

Habari ilifika kesho yake asubuhi kwa simu ya bosi. Kwenye mteremko wa mwisho kabla ya kufika kwao, pikapu iliacha barabara kwenye kona, ikagonga ukingo wa daraja dogo kwa upande wa abiria. Ma Veneranda alifia pale pale. Frodius alivunjika mkono. Watu waliokuwa uani kusubiri kumenya ndio waliokimbia kwenda kumtoa.

Bosi alikaa kwenye kiti akasema, "Vijana hawa wakipewa gari jipya wanachanganyikiwa." Nilienda kuosha gari jingine. Niliosha upande mmoja mara mbili.

Frodius aliwaambia askari wa usalama barabarani kuwa breki ilikataa. Alisema alikanyaga, kanyagio likaishia katikati kama limekanyaga jiwe, akarudia, akashusha gia, kona ikafika. Askari walilijaribu kanyagio pale pale kwenye ajali. Likashuka mpaka chini, breki ikashika. Wakaja kwetu wakachukua nakala ya fomu. Mistari thelathini na moja, tiki thelathini na moja. Gari lilitoka yadini salama, kwa hiyo mwenye kosa ni dereva na ni mwongo pia. Kukaongezwa kuwa alikunywa pombe ya rubisi Bukoba. Hakunywa. Nilikuwa naye asubuhi yote, alikunywa chai ya rangi kwa mama wa getini. Alifunguliwa kesi ya kusababisha kifo kwa uzembe, akatoka kwa dhamana.

Mashtaka siyo yaliyokuwa mabaya kuliko yote. Tulisikia kuwa Mzee Laurian alimkataza mwanawe kukaa msibani. Siku ya mazishi Frodius alisimama barabarani, mkono umefungwa, nje ya kibanja cha kwao, na udongo ukatupwa bila yeye. Baba alisema mbele ya watu, "Angekuwa amesema nimeteleza, ningemlilia na yeye. Anasema breki."

Siku ya nne pikapu ililetwa yadini juu ya lori lingine. Bosi aliniita pembeni.

"Jumatatu mkaguzi wa polisi anakuja kulipiga picha. Lisafishe ndani. Kuna damu, si vizuri."

"Sawa, bosi."

"Na nailoni zote uzitoe. Sitaki kuona nailoni."

Alisema hivyo akiangalia geti. Sijui kama alijua. Mpaka leo sijui, na sitaki kumsingizia.

Mlango wa abiria ulikuwa umebanwa, kwa hiyo siku ile watu walimtolea mama upande wa dereva, wakaburuta kila kitu. Mkeka niliukuta nyuma ya kiti, umetupwa na mtu aliyekuwa anatafuta nafasi ya kupitisha mwili. Niliulaza sakafuni. Upande wa mbele ulikuwa umejikunja mara mbili, kunjo gumu lenye unene wa vidole viwili, na juu ya kunjo kulikuwa na alama ya mpira wa kanyagio, mistari yake yote, imezama kwenye ukindu. Aliyekanyaga pale alikanyaga kwa nguvu zake zote. Chini, nailoni ilikuwa na mkwaruzo mrefu wa kuelekea mbele, mahali mkeka ulipopita.

Nilikaa kwenye kokoto. Nilichoona ni hiki, na ninyi mkione: mkeka ungelala juu ya zulia tupu la sakafu ungeng'ang'ania. Mkeka hauna kosa. Nailoni ndiyo iliyoupeleka chini ya breki, na nailoni ilikuwa kazi yangu.

Sikusafisha. Nilifunga mlango, nikaondoka na ufunguo mfukoni, nikapanda pikipiki mpaka Maruku.

Sweetbert alikuwa anakata majani ya migomba. Alifurahi kuniona mpaka nilipoanza kueleza. Alinisikiliza akiwa ameshika kisu cha migomba.

"Ulitia tiki?"

"Jioni yake."

"Na nailoni ulikuwa hujatoa."

"Mama aliniambia niache."

"Mama." Akakata jani moja, halafu jingine ambalo halikuhitaji kukatwa. "Unataka nikwambie nini, Evodi? Nikwambie ukasafishe? Au nikwambie uende polisi?"

"Sijui, fundi."

"Nimekufundisha kazi nyingi. Ukienda, useme zote nilikufundisha mimi. Ila tiki ya jioni usiseme ulijifunza kwangu. Nina watoto."

Sikuwa nimefikiria kumtaja. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba yeye alilifikiria kwanza. Sijamtaja polisi. Namtaja hapa kwa sababu ninyi mnashika kalamu ile ile, na mkono ule lazima mjue ulitoka wapi. Hakuwa mtu mbaya. Aliniazima koti lake miaka mitatu.

Kituo cha polisi nilifika mchana. Askari wa zamu aliuliza nataka nini nikashindwa kusema. Akadhani nimeibiwa simu. Mwishowe nikaomba karatasi. Aliniambia nikae kwenye benchi, na pale niliandika maelezo yangu kwa mkono wangu. Ilinichukua muda mrefu. Alipita mara mbili akachungulia, mara ya pili akasema, "Kijana, unaandika wosia?" Niliandika kuwa tiki ya mstari wa ishirini na nne ni ya uongo, nimeitia mimi, jioni, kabla ya kazi kufanyika, na kazi haikufanyika. Niliandika mahali mkeka ulipo na namna kunjo lilivyokaa. Niliweka ufunguo juu ya karatasi.

Alisoma akisimama. Halafu akakaa akasoma tena, akaenda kumwita mkubwa wake.

Mkaguzi alikuja yadini siku ile ile badala ya Jumatatu. Akautandika mkeka juu ya nailoni, akakaa kwenye kiti, akausukuma kwa kisigino mara chache kama dereva afanyavyo anapotafuta kanyagio. Ulitembea wenyewe. Akakanyaga breki ikaishia katikati. Alishuka akaniangalia, akamwangalia bosi, akapiga picha.

Bosi hakunifukuza. Alinipa likizo isiyoandikwa mwisho wake. Mimi nilihojiwa mara tatu, na huenda nitaitwa tena. Kesi ya Frodius iliondolewa. Askari aliyenipigia simu kuniambia alisema tu, "Yule kijana wako ameachiwa," kama vile ni ndugu yangu.

Nilidhani ndiyo mwisho. Lakini Mzee Laurian alituma mtu kwa shangazi kusema anataka kuniona.

Nilikwenda Ngenge peke yangu. Mzee alikuwa amekaa uani kwenye kiti cha mbao, magoti yamefunikwa shuka. Matanga yalikuwa yameisha na watu wametawanyika, alikuwapo binti yake mdogo tu akichambua maharage mlangoni. Nilipiga magoti kumwamkia, nikamwita tata, yaani baba, naye akaniacha nikae hivyo kwa muda kabla ya kuitikia. Hakunipa akamwani. Sikuitegemea.

"Ni wewe uliyeandika ile karatasi?"

"Ni mimi, tata."

"Polisi walinisomea. Umeandika mkeka ulikuwa chini ya breki. Umeandika nailoni ni kosa lako." Akavuta shuka magotini. "Hukuandika nani aliutandika."

Ni kweli sikuandika. Kwenye benchi pale nililiruka neno hilo. Niliandika mkeka ulitandikwa, basi, kama mikeka inajitandika. Njiani kutoka Muleba nilikuwa nimeshaamua kwamba akiniuliza nitasema ni mimi. Ingekuwa rahisi kwake, na kwangu isingeongeza kitu, mzigo ulikuwa umeshajaa.

Binti aliacha kuchambua maharage.

"Nani aliutandika?"

Niliona ile fomu. Tiki moja zaidi, ya huruma. Nikasema, "Mama mwenyewe, tata. Alipiga magoti akautandika akaupangusa. Alisema ni kwa ajili ya miguu yako. Mimi nilishika mlango. Nilijua nailoni haitakiwi kubaki na sikumwambia. Niliona aibu."

"Uliona aibu."

"Ndiyo, tata."

Mzee aliangalia miguu yake. Alikuwa amevaa kandambili, vidole vina udongo mwekundu. Aliiangalia muda mrefu mpaka nikaogopa. Kisha akamwambia binti bila kugeuka, "Mpigie kaka yako. Mwambie aje. Mwambie baba anasema breki ilikataa."

Binti alisimama, maharage yakamwagika, akaingia ndani kutafuta simu. Tulimsikia akilia huku akibonyeza namba.

Nilibaki nimepiga magoti. Mzee akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wewe nenda. Sikufukuzi. Nenda tu, asikukute hapa."

Nilikwenda. Barabara ya kutoka kwao ni hiyo hiyo moja, yenye daraja, na niliipita kwa miguu. Ukingo ulikuwa bado haujajengwa.

Sasa nalima kwa shangazi na naandika hili. Sitarudi kwenye magari. Si kwa kukatazwa. Nilijaribu siku moja kumsaidia jirani kupima upepo wa tairi, nikapima tairi moja mara nne, nikamrudishia geji.

Nimewaeleza geji, kisu na ndoano. Tiki mtaitia mlango ukiwa wazi na mkono wenu ukiwa umegusa zulia, hata bosi akinuna. Hayo mtayaweza. Ambalo siwezi kuwaelekeza ni ile dakika moja, mama amepiga magoti mbele yenu na kitu alichokitengeneza kwa mikono yake, na ninyi ndio mnaopaswa kumkatalia. Mpaka leo nikilala natafuta neno la kumwambia, kwa Kihaya na kwa Kiswahili, bila kumvunjia heshima, na sijalipata. Ninyi mnakutana nao kila wiki. Mnamwambiaje? Neno kwa neno, mnaanzaje? Mkishampata mmoja akawasikia, niandikieni alivyojibu. Barua mwachieni mama wa chai, anajua pa kunipata. Hata mistari miwili inatosha, na mwandiko msiuonee haya.